Barua ya wazi kwa wenye kampuni na wajumbe wa bodi: nakala ambayo haijawahi kurejeshwa msiitegemee

Ndugu Wakurugenzi, Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi,

Salaam.

Mimi ni mtu wa TEHAMA hapa Dar es Salaam. Kazi imenipitisha kwenye kampuni za usambazaji, hospitali binafsi, shule na SACCOS, nyingi zikiwa na wafanyakazi kati ya 20 na 200. Nawaandikia ninyi mnaoidhinisha bajeti na kutia saini, kwa sababu ninachokiomba hakimo ndani ya uwezo wa fundi. Naomba hivi: kabla mwaka huu wa fedha haujafungwa, kila kampuni itenge siku moja, Jumamosi au sikukuu, ijaribu kurejesha mfumo wake mkuu kutoka kwenye nakala za akiba. Irejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, meneja mkuu na mhasibu mkuu wakiwa wamekaa palepale.

Siku moja. Yote yanayofuata ni sababu za ombi hilo.

Mkiuliza ofisini kwenu kama bekapu, yaani nakala za akiba, zipo, mtajibiwa zipo, na mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Kila usiku programu inaamka, inaandika faili kwenye diski, kazi imekwisha. Ambalo haliulizwi ni lini mara ya mwisho faili hilo lilichukuliwa, likawekwa kwenye seva (kompyuta inayobeba mfumo) tupu, mhasibu akaingia na kukuta salio la jana liko sawasawa. Katika ofisi nyingi nilizofanya kazi, hakuna anayekumbuka siku hiyo, kwa sababu haijawahi kuwapo. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya kompyuta inaoza. Diski huchoka. Nafasi hujaa. Mfumo unabadilishwa toleo na programu ya kunakili inabaki ya zamani. Aliyekuwa akipokea taarifa za makosa kwa baruapepe anaacha kazi, anuani yake inafungwa, na kuanzia siku hiyo makosa yanatumwa kwa mtu asiyekuwapo.

Msidhani haya ni ya kampuni ndogo peke yake. GitLab ni kampuni ya kimataifa ambayo kazi yake ni kutunza kazi za waandishi wa programu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja, akiwa amechoka na anahangaika kutatua tatizo kwenye kanzidata (ghala la data) ya pili, alifuta data kwenye kanzidata kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Alipogutuka na kusimamisha amri, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kujikinga, na moja baada ya nyingine ikawa haifai. Nakala ya kila siku ilikuwa haifanyiki, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na kanzidata yenyewe. Baruapepe za kuonya juu ya kosa hilo zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua, hivyo hakuna aliyeziona. Sehemu walikotarajia kukuta nakala hizo ilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine ya majaribio. Huduma ilisimama kwa takriban saa 18, na kazi ya wateja ya saa zile sita haikurudi.

Nawaheshimu GitLab kwa walichokifanya baadaye. Walieleza kila kitu hadharani, na ripoti yao haikumtaja mhandisi yule kwa jina. Ilimwita mfanyakazi namba 1. Walijua kosa la kidole ni la mtu mmoja, lakini njia tano kufa bila kengele kulia ni jambo la uongozi. Nawaomba mlishike hili, maana katika ofisi zetu siku mfumo unapoanguka swali la kwanza huwa "ni nani?" Fundi akishajua swali litakuwa hilo, hatakuja kuwaambia mapema kwamba bekapu ya mwezi uliopita iligoma. Atanyamaza na kuomba Mungu.

Sasa nije kwenye kazi yenu hasa. Yapo maswali mawili ambayo fundi hawezi kuyajibu hata awe hodari vipi, kwa sababu ni maswali ya biashara. La kwanza: tunaweza kukaa muda gani bila mfumo huu kabla hasara haijawa kubwa kuliko tunavyoweza kubeba? La pili: tukirudi, tuko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi? Ukiwa na kampuni inayosambaza vinywaji kutoka Chang'ombe, malori yanapakia alfajiri. Mfumo wa ankara ukilala kuanzia saa kumi na moja asubuhi, ikifika saa tatu foleni ya madereva imeziba geti. Lakini mfumo wa mishahara wa kampuni hiyohiyo unaweza kulala siku tatu katikati ya mwezi bila mtu kuhisi. Kwenye hospitali, maabara na duka la dawa haziwezi kusubiri, wakati ripoti za robo mwaka zinaweza. Lazima mkae na kuipanga mifumo kwa uzito, mmoja mmoja, na hilo halimfai kijana wa TEHAMA kuliamua peke yake.

Swali la pili huwashtua wengi wanapolifanyia hesabu. Nakala ikichukuliwa saa sita usiku na seva ikafa saa kumi jioni, mauzo yote ya siku hiyo yamekwenda: risiti, malipo ya wateja, mzigo uliotoka stoo. Mnaikubali hasara hiyo? Kama hamuikubali, nakala ichukuliwe kila baada ya saa moja, au kila dakika 15, na hilo lina gharama yake. Fundi akileta ombi la vifaa bila maamuzi yenu juu ya maswali haya, anabahatisha, na ninyi mnapokata bajeti yake mnabahatisha vilevile.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaona ikifanywa na ningependa sana ifanywe. Tuseme data zenu ni terabaiti 2, ziko salama kwenye seva za kukodi nje ya nchi, na ofisi ina intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde. Kuzishusha zote, laini ikitumika kwa kazi hiyo tu usiku na mchana bila kukatika hata mara moja, kutachukua zaidi ya siku 9. Nakala ipo, ni nzima, imelipiwa, na kampuni imefungwa kwa wiki na nusu. Ongezeni muda wa kupata seva mpya, ambayo kama haipo kwa wauzaji hapa mjini itaagizwa na kupita forodha. Nambari hizi zinatakiwa ziwe mezani kwenu sasa, wakati bado mnaweza kuamua kuweka nakala nyingine karibu, kwenye tawi la pili la kampuni au kwenye diski iliyo benki.

Nakala kukaa karibu kuna kipimo chake, hata hivyo. Mara nyingi mno nimekuta diski ya bekapu imewekwa juu ya seva yenyewe. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Mfanyabiashara aliyekuwa ameacha daftari la madeni mle ndani alipoteza bidhaa na ushahidi wa anaowadai kwa pamoja. Kampuni inayoweka seva na bekapu yake chumba kimoja iko katika hali hiyohiyo, ila daftari lake linawaka kwa umeme. Na moto ni njia moja tu. Wenye ofisi za chini jirani na bonde la Msimbazi wanajua maji ya masika yanavyoingia. Kiyoyozi kinachovuja juu ya kabati la seva nimekiona zaidi ya mara moja. Wezi nao wakiingia wanabeba vyote, seva na diski iliyo pembeni.

Ndugu wajumbe, mtaambiwa, "Sisi tumeshahamia kwenye wingu, hayo hayatuhusu." Wingu, yaani seva za kukodi, nalo ni jengo, lina anuani, paa na waya za umeme. Tarehe 10 Machi 2021, usiku, jengo moja la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea na jengo la jirani likaungua sehemu. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tovuti kwa mamilioni zilizimika, na kiongozi wa kampuni akawaambia wateja waanze kutekeleza mipango yao ya kurejea baada ya maafa. Waliokuwa na mpango walihamia jengo lingine. Wapo waliokuwa wakilipia huduma ya nakala za akiba, wakagundua nakala hizo zilikuwa palepale zilipokuwa data. Baadhi walikwenda mahakamani. Someni mikataba yenu ya huduma za wingu, au mpeni mwanasheria aisome, na muulize kwa maandishi: nakala zetu ziko jengo gani, mji gani, na nani ana wajibu wa kuzirejesha? Na tafadhali msihesabu folda inayojilinganisha yenyewe kati ya kompyuta na wingu kuwa ni nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwenye kompyuta yake, linafutika na kule.

Korea Kusini ni nchi ambayo wengi wetu tunaitazama kama mfano wa teknolojia. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha taifa cha data mjini Daejeon, ukianzia kwenye betri za lithiamu zilizokuwa zikihamishwa. Zaidi ya mifumo 600 ya serikali ilizimwa. Mfumo mmoja ambao watumishi wa umma waliutumia kuhifadhi mafaili yao ya kazi, wenye terabaiti 858, uliungua wote. Haukuwa na nakala nje ya kituo kile, na sababu iliyotolewa ni kwamba data zake zilikuwa nyingi mno kunakiliwa. Nawaomba muikumbuke sababu hiyo kila mtakapoambiwa kitu fulani ni kikubwa mno kukinakili. Ukubwa ule ndio ulioonyesha thamani yake. Na kuhusu betri zenyewe: ofisi nyingi zimenunua inveta na betri za lithiamu kutokana na kukatika kwa umeme. Naomba muwaagize mafundi wenu waziondoe kwenye chumba cha seva. Ni kazi ya siku moja.

Kwa kuwa nimegusa umeme, nipite haraka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta la sehemu ya majengo ya abiria halikuwaka. Waziri alilazimika kuomba radhi kwa umma. Jenereta lilikuwapo. Nasi tarehe 1 Aprili 2024 tuliamka Gridi ya Taifa imepata hitilafu, nchi karibu yote giza. Jenereta la kampuni yenu lijaribiwe likiwa limebeba mzigo wote wa ofisi, kwa saa nzima, kila mwezi. Kuliwasha dakika mbili na kulizima hakuonyeshi chochote.

Jambo ambalo sitalipita haraka ni intaneti, kwa sababu hili lilitupata sote na naona limeshasahaulika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo (nyaya za intaneti) miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kwa siku kadhaa kilichokuwapo kilikuwa cha kusuasua. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma siku mbili. Kampuni zilizokuwa na mifumo ya mauzo iliyoko Ulaya zilishindwa kutoa ankara kwa mteja aliyesimama mbele yao na pesa mkononi.

Na hapo ndipo wakurugenzi wengi walipopatwa na mshangao: "Mbona tuna watoa huduma wawili?" Walikuwa nao kweli, na walikuwa wanalipia wote wawili kila mwezi. Lakini watoa huduma wale wawili walikuwa wanapita kwenye mikongo ileile kutoka nje ya nchi. Isitoshe, Seacom ilikuwa imeshakatika upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huohuo, katika tukio ambalo uchunguzi ulilihusisha na nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa imepigwa na kombora la Wahouthi, waasi wa Yemen, na kuachwa ikielea. Njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa, kisha ya kusini nayo ikafungwa. Kenya ilipata nafuu kuliko sisi kwa kuwa ilikuwa na njia nyingine, ukiwemo mkongo wa TEAMS unaotoka Mombasa moja kwa moja hadi Fujairah.

Mnapoingia mkataba wa intaneti, basi, kasi na bei visiwe maswali ya pekee. Ulizeni: huduma hii inatoka nchini kwa mkongo gani, inapitia wapi, na ikikatika mnatuhamishia wapi? Mtoa huduma wa pili achaguliwe kwa njia anayopita, si kwa jina tofauti. Na kwa kila mfumo mnaoutegemea saa za kazi, amueni kitakachofanyika kama dunia ya nje itapotea wiki nzima huku umeme, simu za ndani na wafanyakazi wote wakiwapo. Mauzo yanaweza kuandikwa kwenye seva ya ofisini na kupelekwa wingu baadaye. Mfumo uliojengwa hivyo ungeendelea kufanya kazi Jumatatu ile ya tarehe 13 Mei kama kawaida.

Kisha kuna wadukuzi. Hapa naomba muifahamu habari ya Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake yanaonekana Mombasa na Dar es Salaam kila wiki. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyopewa jina la NotPetya viliingia kwenye mtandao wao kupitia programu ya kodi iliyotumika Ukraine, na ndani ya muda mfupi vikaharibu kompyuta duniani kote. Zile seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, ambazo bila hizo hakuna kitu kinachofunguka, zilikuwa takriban 150, kila moja ikiwa nakala ya nyingine. Zikafutika zote, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa Ghana, na ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa kwenye mtandao virusi vilipopita. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kuituma data Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja akapanda ndege hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski mkononi. Maersk walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara waliyoitangaza ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kampuni tajiri kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme. Kilichoiokoa nakala ile ni kwamba haikuwa imeunganishwa. Diski iliyochomekwa kwenye seva saa 24 itafungwa na virusi pamoja na seva, tena siku hizi wadukuzi huitafuta bekapu kwanza, kabla hawajadai fedha. Kwa hiyo wekeni nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo, na moja kati yake iwe imechomolewa kabisa au imewekwa mahali ambapo hata fundi mkuu hawezi kuifuta kabla ya muda. Na bodi ikubaliane mapema msimamo kuhusu kulipa kikombozi, nani anaruhusiwa kuzungumza na wadukuzi, nani anaarifu polisi na benki. Saa nane usiku, mkurugenzi yuko safarini na simu inaita, hakuna anayefikiri vizuri.

Nywila. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows. Dawa ilijulikana mapema, lakini kompyuta nyingi zilihitaji kuguswa kwa mkono moja moja, na kwa baadhi ya kampuni funguo za kufungulia diski zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zimeanguka. Huku kwetu tatizo hilo lina sura ya mtu. Nywila kuu anazo kijana mmoja kichwani. Laini ya simu inayopokea namba za kuthibitisha malipo ni ya mkurugenzi, naye yuko ndani ya ndege. Jina la tovuti ya kampuni limesajiliwa kwa baruapepe binafsi ya mtu aliyeondoka miaka mitatu iliyopita kwa ugomvi. Andikeni haya yote kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, ikae kwenye sefu mbili tofauti, na watu wawili wajue.

Karatasi ina kazi nyingine pia. Machi 2019 kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ya Norway ilishambuliwa na virusi vya kufunga data. Haikulipa. Viwanda vyake kadhaa viliendelea kwa kazi ya mikono, kwa karatasi, wakati mafundi wakirejesha mifumo kutoka kwenye nakala za akiba. Je, wafanyakazi wenu wanajua kuuza bila mfumo? Orodha ya bei ipo kwenye karatasi? Orodha ya bidhaa zilizopo stoo huchapishwa angalau mara moja kwa wiki? Vitabu vya stakabadhi viko wapi? Utaratibu wa TRA pale mashine ya risiti inapogoma ulizeni sasa, muuweke ukutani. Na namba za simu za wafanyakazi wote zichapishwe, kwa sababu zile zilizo kwenye mfumo zitakuwa zimelala na mfumo.

Sheria nayo haitawapa nafuu. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, ikiwemo zisipotee wala kuharibiwa. Seva ikiungua, wajibu unabaki na kampuni.

Najua swali la gharama linakuja. Sitawatajia bei, kwa sababu kila kampuni ina vipimo vyake. Ila siku ninayoiomba inahitaji kompyuta moja yenye nguvu ya kutosha, ambayo mnaweza hata kuiazima, posho ya Jumamosi kwa watu watano au sita, na chakula cha mchana. Ninaamini siku hiyo ikifanyika kwa uaminifu, matumizi mengine mtayaamua wenyewe kwa macho yenu, bila kushawishiwa na muuzaji yeyote.

Ifanyike hivi. Ijumaa jioni mhasibu achapishe salio la benki kwenye vitabu, wadaiwa watano wakubwa, na idadi ya bidhaa kumi zilizo stoo, kisha aifunge karatasi kwenye bahasha. Usiku nakala ichukuliwe kama kawaida. Jumamosi saa mbili asubuhi fundi msaidizi, siyo yule mkuu, akabidhiwe kompyuta tupu, nakala ya akiba na maelekezo yaliyoandikwa, aanze. Mkuu wake akae pembeni bila kugusa kitu wala kusema neno. Kila mara atakapolazimika kufungua mdomo, kuna jambo halijaandikwa na litaandikwa. Mtu mmoja ashike saa na kurekodi kila hatua ilianza lini na kuisha lini. Mfumo ukiwaka, mhasibu afungue bahasha na kulinganisha namba moja moja. Usipowaka hadi jioni, hilo ndilo jibu, na mmelipata siku ambayo hakuna mteja anayesubiri. Asikaripiwe mtu. Yaandikwe yaliyokwama, yapewe mwenye kuyashughulikia na tarehe, na jaribio lirudiwe mpaka mfumo uwake ndani ya muda ambao bodi iliukubali. Baada ya hapo iwe kila miezi sita, na kila mnapobadilisha mfumo.

Ripoti ya siku hiyo iwe ya ukurasa mmoja, iletwe kwenye bodi na meneja mkuu mwenyewe. Kwenye kikao chenu kijacho naomba ajenda hii iwekwe juu, pamoja na hesabu za fedha. Ikiachwa hadi kwenye mengineyo, wajumbe watakuwa wameshaanza kukusanya makaratasi yao.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi wa TEHAMA
Dar es Salaam